Frigo, resho na umeme wa Mangobo: namna ya kuchagua, kutumia na kutunza

Frigo mpya inaweza kufa kwa usiku mmoja. Umeme unakatika wakati watu wanakula, unarudi usiku wa manane ukiwa mdogo, na mota ya frigo inavuma bila kuzunguka mpaka inaungua. Asubuhi mama anakuta samaki wanaanza kunuka na maji yamejaa chini. Kwa familia inayouza barafu, maji baridi ao samaki mubichi, ile siyo hasara ya chombo tu. Ni kapitali ya biashara, na pengine ni minervale ya watoto.

Kwa hiyo, mbele ya kuuliza bei, mnunuzi wa komine ya Mangobo anapaswa kujua mambo mawili: chombo kinataka umeme wa namna gani, na umeme unafika nyumbani kwake namna gani.

Umeme wa muji unatoka wapi

Muji wa Kisangani unapata umeme kutoka santrale ya SNEL iliyo kwenye maporomoko ya mto Tshopo. Ilianza kazi katika miaka ya 1950, wakati muji uliitwa bado Stanleyville. Iko na mashini tatu, na uwezo wa zote pamoja haufiki megawati 20. Mashini moja ikisimama, karibu sehemu moja ya tatu ya umeme inapotea. Ndiyo maana kunakuwa delestaji, mtaa kwa mtaa.

Kwa kawaida umeme wa inchi yetu ni volti 220. Lakini saa ya kupika, wakati nyumba nyingi zinatumia kabini moja, volti zinashuka. Nyumba iliyo mbali na kabini, mwisho wa waya, ndiyo inaumia zaidi. Taa ya balbu ya zamani ikiwaka nyekundu, volti zimeshuka. Balbu za LED hazionyeshi vizuri, kwa hiyo ni heri kununua kipimo kidogo cha volti kinachochomekwa kwenye prizi.

Soma plaketi mbele ya kulipa

Kila chombo kiko na plaketi nyuma ao chini. Hapo kuko namba mbili za lazima: volti (V) na wati (W). Chombo kilichoandikwa 220-240 V kinafaa. Kilichoandikwa 100, 110 ao 120 V tu kilitengenezwa kwa Japani ao Marekani. Kikichomekwa hapa bila transformateri, kinaungua mara moja. Muuzaji akisema, «Mama, chukua tu, iko nzima,» mwambie: «Papa, nionyeshe kwanza plaketi.» Plaketi ikiwa imeng'olewa, acha chombo.

Vyombo vingine vinapitia Uganda na vinakuja na fishi ya meno matatu ya bapa, tena prizi zetu ni za meno ya mviringo. Adaptateri ya bei ndogo inatosha kwa kusharji simu, lakini kwa resho ao bui ya umeme inapata moto na kuyeyuka. Ni heri fundi akate ile fishi na kuweka nyingine nzito.

Chombo cha okazioni kijaribiwe palepale. Frigo iachwe ikizunguka kwa saa moja, kisha uguse ndani kama inaanza kuwa baridi. Mota kuwaka tu haitoshi.

Resho na vyombo vya moto

Resho, pasi, bui ya umeme na sufuria ya wali vinakula umeme mwingi. Resho ya wati 1000 inatumia kilowati-saa moja kila saa, na bui nyingi zinafika wati 2000. Volti zikishuka, vyombo hivi haviungui, vinapunguza moto tu. Resho ya wati 1000 ikipata volti 160 pahali pa 220, inatoa karibu nusu tu ya moto wake. Maharagi yatakaa saa nyingi, na kompteri itaendelea kuhesabu. Saa ile, mbabula ya makala inafaa kuliko resho. Resho itumike usiku sana ao asubuhi mapema, wakati volti zimepanda.

Resho yenye waya wazi ni ya bei ndogo, lakini ndiyo ya hatari. Supu ikimwagika ao kijiko cha chuma kikigusa waya, mpishi anaweza kupigwa na umeme, zaidi kama amesimama pekupeku kwenye simenti yenye maji. Resho ya sahani iliyofungwa ni salama zaidi. Hata hivyo, chomoa mbele ya kupangusa.

Vyombo viwili vya moto visichomekwe kwenye ralonji moja. Ralonji nyembamba ikiwa moto mkononi, iko karibu kuwaka. Na kama fizibo inaungua kila mara, usiweke waya wa shaba pahali pake. Fizibo inaungua ili nyumba isiungue.

Frigo na kongelateri

Frigo iko tofauti na resho juu iko na mota. Volti zikishuka, mota inakosa nguvu ya kuanza, inavuta umeme mwingi zaidi na kupata moto. Ukisikia inavuma, inanyamaza, inavuma tena bila kuzunguka, chomoa haraka.

Stabilizateri inasaidia, ila lazima iwe kubwa. Frigo ya wati 150 inaweza kuvuta mara tano na zaidi wakati wa kuanza. Kwa hiyo usichukue stabilizateri iliyo chini ya 1000 VA, na kongelateri kubwa inataka zaidi. Chagua yenye kuchelewesha umeme dakika chache mbele ya kuupitisha.

Asiye na stabilizateri afuate kanuni hii: umeme ukikatika, chomoa frigo. Ukirudi, ngojea dakika kumi, angalia volti, ndipo uchomeke. Zile dakika zinaacha gazi ndani ya kompresa itulie, na zinaonyesha kama umeme umerudi kweli.

Kama frigo imebebwa kwa pusi-pusi ikiwa imelala, isimamishwe siku nzima mbele ya kuchomekwa, ili mafuta yarudi ndani ya kompresa. Iachiwe nafasi ya upana wa mkono nyuma, isikae kwenye jua wala karibu na mbabula.

Chakula wakati wa delestaji

Frigo isipofunguliwa inalinda chakula karibu saa 4. Kongelateri iliyojaa inashika baridi karibu saa 48, na ya nusu karibu saa 24. Kwa hiyo usiache nafasi tupu: jaza chupa za plastiki za maji, ukiacha nafasi kidogo juu, maana maji yakiganda yanapanuka. Zikiganda, zinashika baridi wakati hakuna umeme.

Samaki ao nyama iliyoyeyuka na kukaa na joto zaidi ya saa mbili isirudishwe kwenye barafu. Kuigandisha tena hakuondoi sumu. Delestaji ikirefuka, ni heri kukausha samaki kwa moshi mapema, wakati bado ni wazuri. Pondu iliyopikwa isingojee mpaka inuke.

Kutunza

Barafu ikipita unene wa kidole, zima frigo na iache iyeyuke yenyewe. Usitumie kisu: tobo moja kwenye bomba na gazi yote inatoka. Frigo nyingi mpya ziko na gazi R600a, ambayo inashika moto. Kwa hiyo fundi asome plaketi mbele ya kuchomea bomba.

Hewa ya Kisangani iko na unyevu, na mende wanapenda joto la nyuma ya frigo. Kila mwezi, chomoa, ondoa vumbi na mende, pangusa kauchuku ya mlango kwa sabuni na uikaushe. Weka karatasi kati ya mlango na frigo: ikivutika bila kushikwa, kauchuku imechoka na baridi inatoka.

Blenderi isizunguke zaidi ya dakika moja bila kupumzika, wala isisage vitu vikavu bila maji.

Hatari zisizosahauliwa

Grupu ya petroli isiwashwe ndani ya nyumba, wala mbabula isiachwe inawaka ndani ya chumba kilichofungwa: moshi wao una gazi isiyonuka inayoua watu wakiwa usingizini. Chombo cha umeme kikiwaka moto, usimwage maji. Kata dijonteri kwanza, kisha tupa mchanga. Na mtu akishikwa na umeme, usimguse mbele ya kukata dijonteri. Wengi wanakufa wakitaka kuokoa ndugu yao. Kwa hiyo kila mtu wa nyumba, pamoja na watoto wakubwa, aonyeshwe leo dijonteri iko fasi gani.