Wakfu, si Kushoto

Orodha moja ya istilahi za kompyuta, iliyopita mikononi mwa wajumbe wengi wenye vyeo, imeifasiri kopilefti kuwa "hakimiliki ya kushoto". Mzaha wa Kiingereza, wa kuigeuza "right" ya "copyright" kuwa "left", umebebwa mzimamzima, na kwetu kushoto ni mkono usiotumika kumpa mtu kitu. Mtaalamu mwingine, anayejiona mwerevu zaidi, anashikilia "hakishiriki". Angefungua Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, angekuta neno hilo lina mwenyewe: ni haki za wasanii watumbuizaji, watayarishaji wa rekodi na watangazaji.

Neno tunalo: wakfu. Asili yake ni kitenzi cha Kiarabu waqafa, kusimama au kusimamisha. Mali ikiwekwa wakfu imesimamishwa: haiuzwi, hairithiwi, haizawadiwi mtu. Kinachotembea ni manufaa yake, na sharti la aliyeiweka humfunga kila ajaye. Shamba la minazi la wakfu nazi zake huuzwa sokoni, shamba likabaki palepale. Sasa itazame leseni ya kopilefti iitwayo GPL, aliyoitoa Richard Stallman mwaka 1989: nakala uza upendavyo, msimbo badili utakavyo, lakini ukiisambaza kazi hiyo, msimbo wake nao uutoe kwa sharti lilelile. Mwaka 2003 kampuni ya Linksys ilibanwa hadi ikatoa msimbo wa ruta yake ya WRT54G, kwa kuwa ndani mlikuwa na Linux, iliyo chini ya GPL. Katika msimbo huo ndimo ilimochipuka OpenWrt, mfumo huria wa ruta. Hiyo "kushoto" ingemweleza nini fundi wa ruta?

Naambiwa wakfu ni neno la msikitini. Mbona maaskofu huwekwa wakfu na hakuna anayelalamika? Barua yangu kwa kamati husika ilijibiwa kwa neno moja, "Imepokelewa", na toleo lililofuata la orodha likaja na kushoto ileile, safari hii kwa wino mzito.

Matumizi, kwa kifupi: leseni ya wakfu, msimbo wa wakfu, kuiweka programu wakfu. Leseni za MIT na BSD, zinazomwachia mtu achukue msimbo akaufungie kwake mradi asifute tangazo la mwenye hakimiliki, si wakfu. Ziitwe leseni nyepesi. Na wahariri, tafadhalini, "programu ya bure" ifuteni kila mnapoikuta: GPL haikumkataza mtu kutoza bei.