Tishu ya titi inayoonekana nzima yaweza kuficha kasoro za jeni

Na Mwandishi Wetu

MWANAMKE wa Jambiani aliyetolewa uvimbe wa saratani ya titi, akaambiwa kwamba umeondoka wote, ana haki ya kuuliza kwa nini bado atakiwe kupigwa mionzi. Kwa miaka mingi tiba hiyo imewavusha wagonjwa wa Unguja bahari hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kwa wiki kadhaa. Na mwani haumsubiri mtu, bamvua likipita limepita.

Jibu limo katika nyama iliyobaki. Mwaka 1996 watafiti wa San Francisco, akiwemo Guoren Deng, walieleza katika jarida la Science kwamba kwa baadhi ya wagonjwa, vipande vya kromosomu vilivyopotea ndani ya uvimbe vilikosekana pia katika tishu jirani, ambayo chini ya hadubini haikuwa na dosari yoyote. Jicho la mpimaji, hata liwe hodari vipi, haliwezi kuona upotevu huo.

Mabadiliko hayo yasichanganywe na ya kurithi. Kasoro ya jeni ya BRCA1, iliyotambuliwa mwaka 1994, ikirithiwa huwamo katika chembe hai zote za mwili. Haya huanzia katika chembe moja ya titi, nayo hugawanyika na kueneza kasoro yake kimyakimya. Watafiti wa Kyoto walionyesha mwaka 2023 kwamba baadhi huanza tangu umri wa kubalehe, miongo kadhaa kabla ya uvimbe.

Hata hivyo, kasoro si saratani. Mwaka 2024 timu ya Nicholas Navin, ya Houston, ilichunguza matiti ya wanawake 49 wenye afya na kukuta takriban asilimia 3 ya chembe za tabaka la ndani zina kromosomu zisizo kamili.

Uzito wa mionzi umepimwa. Matokeo ya miaka 20 yaliyotolewa na Bernard Fisher mwaka 2002 yalionyesha kuwa, kwa waliotolewa uvimbe pekee, saratani ilirudi katika titi lilelile kwa asilimia 39. Waliopigwa mionzi, asilimia 14. Sehemu ya marejeo hayo ni mabaki ya saratani yenyewe. Waliokatwa titi zima hawakuishi muda mrefu zaidi, lakini pale mionzi isipofikika kwa urahisi, mara nyingi upasuaji huo ndio unaochaguliwa.