Kibaba cha Tele, Kibaba cha Mfuto

Gorogoro ilianza kama mkebe wa mafuta ya kupikia. Kilo 2 za Kimbo au Kasuku zikiisha, mkebe haukutupwa. Ulipelekwa sokoni kupimia mahindi, maharagwe, ndengu. Lakini zile kilo 2 zilizoandikwa ubavuni zilikuwa za mafuta. Jaza unga mkebe huohuo, uufute juu, uzito unashuka, kwa sababu unga una hewa ndani yake. Mkebe unapima nafasi tu.

Mambo haya hayakuanza na mikebe. Pwani ilikuwa na kibaba. Vibaba 2 ni kisaga, visaga 2 ni pishi. Vyote vilikuwa vipimo vya ujazo, vya nafaka ya nyumbani. Sasa angalia pembe za ndovu na karafuu: hizo zilikwenda kwa frasila, karibu kilo 16, kwenye mizani. Nadhani haikuwa bahati tu. Mnunuzi wa ng'ambo hakuwepo kuona chombo kikijazwa, kwa hivyo alitaka namba ambayo haibadiliki Bombay wala London. Mchele wako wa jioni ulipimwa ukitazama, na ukiona umepunjwa unalalamika papo hapo.

Ila si kila mtu angeweza kulalamika. Pagazi wa karne ya 19, aliyebeba pembe hizo kutoka bara, kwa kawaida alipewa posho ya kibaba 1 cha nafaka kwa siku, takriban gramu 680. Nasema takriban kwa sababu kamusi za zamani zina vibaba viwili: kibaba cha tele, kilichorundikwa mpaka nafaka inataka kumwagika, na kibaba cha mfuto, kilichofutwa juu kikawa sawa na ukingo. Chombo ni kilekile. Aliyekishika ndiye aliyeamua pagazi atakula kiasi gani.

Marekani nao walikuwa na swali hilo jikoni. Mwaka wa 1896 Fannie Farmer wa Boston alitoa kitabu cha mapishi kilichosisitiza kikombe kifutwe juu kwa kisu. Mfuto kabisa! Ndiyo maana maelezo ya keki unayoyatoa mtandaoni bado yanadai vikombe, vya mililita 240 hivi. Kikombe hicho kinabeba unga gramu 120 hivi, lakini sukari gramu 200. Shindilia unga, utafika 150, na keki itatoka kama tofali.

Sokoni kwetu tele ndiyo inatawala. Muuzaji anarundika, unamwambia "ongeza kidogo", anaongeza. Lakini wapo wanaogonga kitako cha mkebe kikaingia ndani. Rundo la juu linakufurahisha, kumbe chini ulishapunjwa. Na anayenunua kwa mkebe mara nyingi ni yule asiye na pesa za pakiti ya dukani.

Pishi nayo haijafa. Kila Ramadhani Waislamu hutoa zaka ya fitri, pishi 1 ya chakula kwa kila mtu nyumbani. Duka linauza kwa kilo, kwa hivyo lazima pishi igeuzwe, na hapo utasikia wengine wakisema kilo 2 na nusu, wengine 3. Pishi ya tende na pishi ya mchele hazilingani kwenye mizani. Anayetaka kuwa na uhakika hutoa 3, na kinachozidi kinabaki kwa anayepokea.