Wembe Unaoruka: Historia Fupi ya Kinga za Mapanga ya Droni

Kila anayenunua droni yake ya kwanza hukutana na swali hili kabla hata betri haijajaa: nizifunge zile kinga za plastiki kuzunguka mapanga, au niziache ndani ya boksi? Ukiwauliza wazoefu utapata kambi mbili. Kambi ya kwanza inasema funga, tena funga zote nne, maana kugonga utagonga tu. Kambi ya pili inacheka: kinga ni za watoto, zinakulea vibaya. Mtoto akililia wembe mpe, akijikata atajua.

Methali hiyo ni nzuri, ila ina sharti moja ambalo huwa hatulisemi: wembe unabaki mkononi mwa yule aliyeulilia. Droni haibaki mkononi. Anayejifunza yuko hapa na rimoti, wembe uko kule, pengine juu ya kichwa cha mpita njia. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama kinga inachelewesha kujifunza, tuulize kwanza ni nani anayelipa gharama ya somo. Swali hilo, kumbe, ni la zamani kuliko droni zenyewe.

Feni iliyokuwa uchi

Kiswahili cha mitaani kilishatuonya mapema. Feni ya darini tunaiita pangaboi, na vile vipande vinavyozunguka tunaviita mapanga. Jina limeenda na tabia.

Mwaka 1882 Mmarekani Schuyler Wheeler alitengeneza feni ya mezani ya umeme. Ilikuwa na mapanga mawili na haikuwa na wavu wowote. Feni zilizofuata zilianza kuvishwa nyavu, lakini kwa miaka mingi nyingi zilikuwa na nafasi pana kiasi cha kupitisha vidole vya mtoto, na ndani yake yalizunguka mapanga ya shaba nyeupe. Leo ukienda dukani ukakuta feni ya mezani isiyo na wavu utadhani ni mbovu.

Angalia hapo wavu uliwekwa kwa ajili ya nani. Mwenye feni anajua ilipo na anajua imewashwa. Anayehitaji wavu zaidi ni mtoto anayepita akicheza, ambaye hakuulizwa lolote wakati feni inanunuliwa.

Sasa hebu tufanye hesabu kidogo. Chukua pangaboi la droni lenye kipenyo cha sentimita 12, linalozunguka mara 15,000 kwa dakika, yaani mara 250 kwa sekunde. Kila mzunguko, ncha yake husafiri mita 0.12 × 3.14, ambayo ni kama mita 0.377. Zidisha kwa 250, unapata mita 94 kwa sekunde. Hiyo ni karibu kilomita 340 kwa saa. Panga lenyewe ni plastiki nyepesi unayoweza kuikunja kwa vidole, lakini kwa mwendo huo ukingo wake mwembamba hupita kwenye ngozi kabla mkono haujapata nafasi ya kukwepa. Na mota ikiendelea kusukuma, panga la pili linakuja nyuma yake.

Mikono minne ya mwaka 1907

Umbo la droni yako, mwili katikati na mikono minne yenye mapangaboi, si jipya. Mwaka 1907, huko Douai kaskazini mwa Ufaransa, ndugu wawili wa ukoo wa Breguet pamoja na Profesa Charles Richet walijenga Gyroplane No. 1. Ilikuwa na mikono minne, na jumla ya mapanga 32. Ilinyanyuka kama sentimita 60 kutoka ardhini ikiwa na mtu ndani.

Ilisimamaje hewani bila kompyuta? Ilishikiliwa. Watu wanne walisimama, mmoja kwenye kila mkono, wakiizuia isipinduke. Kinga haikuwepo, na umbali nao haukuwepo. Shikilia mambo haya mawili, kinga na umbali, kwa sababu ndiyo yatakayotupatia jibu mwishoni.

Dakika ishirini za mafunzo

Sehemu ya historia hii inayomhusu zaidi mwanagenzi ilitokea Marekani katikati ya miaka ya 1950. Jeshi lilitaka chombo kidogo ambacho askari wa kawaida, asiye rubani, angepanda akaruka. Mhandisi Charles Zimmerman alikuwa na wazo la kushangaza: mtu asimame juu ya mapangaboi, na akitaka kwenda mbele, ainamishe tu mwili wake mbele. Kama unavyosimama kwenye ubao wa kuteleza.

Wazo hilo moja lilizaa vyombo viwili vilivyojibu swali letu kwa njia mbili tofauti.

Cha kwanza ni De Lackner HZ-1, kilichoitwa Aerocycle. Kilikuwa na mota ya boti ya nguvu ya farasi 40, ikizungusha mapangaboi mawili yanayopishana, yenye upana wa mita 4.6. Rubani alisimama juu kwenye kijukwaa, akashika usukani kama wa pikipiki, na chini ya miguu yake mapanga yalizunguka wazi kabisa. Waliokitengeneza walitarajia kwamba askari asiye na uzoefu angefundishwa kwa dakika 20 tu, basi, anaruka.

Majaribio yalifanyika Fort Eustis, Virginia, na Kapteni Selmer Sundby akiwa rubani. Zilitokea ajali mbili zinazofanana: mapanga ya juu na ya chini yaligongana, yakavunjika, chombo kikaanguka. Sundby alinusurika na baadaye akapewa nishani ya Distinguished Flying Cross. Maoni yake yalikuwa kwamba chombo kile ni kigumu mno kwa mtu asiye na mafunzo. Mradi ukafa.

Tuwe wakweli hapa: pete ya kinga isingezuia mapanga mawili ya chombo kimoja kugongana yenyewe kwa yenyewe. Kilichofeli kwanza ni ile imani ya dakika 20. Lakini imani hiyo iliwekwa juu ya mashine isiyosamehe kosa hata moja, na huo ndio mchanganyiko mbaya kuliko yote: mwanafunzi mpya na kifaa kikali.

Chombo cha pili ni Hiller VZ-1 Pawnee, kilichoanza kuruka mwaka 1955. Hapa mapangaboi yaliwekwa ndani ya pete pana, kama pipa kubwa lisilo na kitako. Pete ilifanya kazi mbili. Ilitenganisha mapanga na watu. Pia ilisaidia kunyanyua: hewa iliyovutwa ndani ilipita kwa kasi juu ya mdomo wa pete uliopinda, shinikizo likapungua pale, na karibu asilimia 40 ya nguvu ya kunyanyua ikatoka kwenye pete yenyewe.

Kilikuwa chombo kitulivu. Tatizo ni kwamba kilikuwa kitulivu kupita kiasi. Kilipoanza kwenda mbele, upande wa pete unaopokea upepo ulinyanyuka kuliko upande wa nyuma, na chombo kikajiinua kurudi kilikotoka. Mwendo wake wa juu ukabaki kama kilomita 26 kwa saa. Mwendesha baiskeli mwenye haraka angekipita. Jeshi halikukihitaji.

Kwa hiyo tangu miaka ya 1950 tulikuwa na somo zima mezani. Kinga hutuliza na hulinda, na malipo yake ni mwendo na uwezo wa kupambana na upepo.

Kinga yafika kwenye helikopta

Helikopta za kawaida nazo zina panga la hatari ambalo watu hulisahau: lile dogo la mkiani, ambalo likizunguka halionekani vizuri, na liko karibu na urefu wa mtu. Mwaka 1968 Wafaransa walirusha mfano wa helikopta ya Gazelle ambayo pangaboi la mkiani lilifichwa ndani ya tundu kwenye mkia. Muundo huo waliuita fenestron, na hadi leo upo kwenye helikopta nyingi, zikiwemo za kubebea wagonjwa ambazo hulazimika kutua karibu na watu.

Hakuna anayemwambia rubani wa helikopta ya aina hiyo kwamba mkia wake ni wa wanafunzi.

Magamba mawili kwenye boksi moja

Januari 2010, kwenye maonyesho ya CES mjini Las Vegas, kampuni ya Kifaransa ya Parrot ilionyesha AR.Drone, droni ya mikono minne iliyoongozwa kwa simu ya iPhone. Hii ndiyo iliyowafanya watu wengi wasio marubani waanze kuota kuwa na droni yao.

Ndani ya boksi kulikuwa na magamba mawili. Moja la ndani ya nyumba, la povu laini, lililozunguka mapanga yote manne. Jingine la nje, jembamba, lililoacha mapanga wazi. Kwa gamba la nje droni ilikuwa na gramu 380, kwa gamba la ndani gramu 420. Tofauti ni gramu 40, karibu asilimia 10 ya uzito, na kwa droni hiyo ni betri inayokwisha mapema zaidi. Lakini tazama busara yake: mtengenezaji hakuuliza “wewe ni mgeni au mzoefu?” Aliuliza “unaruka wapi?”

Miaka mitatu baadaye ikaja DJI Phantom, droni ya nje, mapanga wazi, kinga unanunua kando. Soko likaifuata, na droni zikaingia kwenye harusi, matamasha na bustani za nyumbani. Yaani zikapelekwa palipo na watu zikiwa zimevaa nguo za uwanjani.

Mwaka 2015 bili ilifika. Mwezi Mei, mwanamuziki Enrique Iglesias aliinyoosha mkono kuidaka droni iliyokuwa ikipiga picha kwenye tamasha lake mjini Tijuana, Meksiko. Ilimkata vidole, akahitaji upasuaji. Mwaka huohuo nchini Uingereza, droni iliyokuwa ikirushwa na rafiki wa familia iligusa mti ikiwa inarudi kutua, ikayumba, na panga lake likampiga mtoto mdogo usoni. Mtoto alipoteza jicho. Yeye hakulilia wembe wowote.

Mwaka huohuo pia, Februari, kampuni ya Uswisi ya Flyability ilishinda dola milioni 1 huko Dubai, kwenye shindano la Drones for Good, kwa droni iliyofungiwa ndani ya tundu la mviringo. Ilikuwa imebuniwa kugonga ukuta, kudunda, na kuendelea na safari, ili ikague sehemu ambazo mtu akiingia anahatarisha maisha. Kinga zikawa kifaa cha mafundi waliobobea.

Sheria nayo ikafuata. Kanuni za Marekani zilizoanza kutumika Aprili 2021 zinaruhusu droni za kundi la kwanza kuruka juu ya watu kwa masharti, mojawapo likiwa uzito usiozidi takriban gramu 250, na jingine kwamba kisiwepo kipande cha wazi kinachozunguka ambacho kinaweza kuchana ngozi ya binadamu. Hapo wengi walinaswa. Mavic Mini ya mwaka 2019 ina gramu 249. Ukiiacha bila kinga, mapanga yako wazi. Ukiivisha kinga, inavuka gramu 250. Ndiyo maana droni mpya ndogo, kama DJI Neo ya mwaka 2024 yenye gramu 135, zinazaliwa na kinga mwilini.

Basi, ufunge au usifunge?

Kwanza, jua aina ya kinga uliyonayo. Nusu pete inayokaa upande wa nje tu husaidia unapogusa ukuta. Bila hiyo, panga likigonga ukuta husimama, kona ile inakosa nguvu, na droni inapindukia ukutani. Lakini vidole bado vinaingia kutoka juu na chini. Tundu kamili linalofunika pande zote ndilo linalolinda vidole.

Pili, hakuna kinga inayozuia droni kuanguka. Droni ya karibu kilo moja ikimdondokea mtu kichwani itamuumiza hata ikiwa imevaa nini.

Tatu, hoja ya “utajifunza uzembe” inasahau jinsi mtu anavyojifunza. Pangaboi likivunjika dakika ya tatu, somo limekwisha. Mwenye kinga anagonga, anaokota, anarudia mara kumi jioni hiyohiyo. Droni ndogo ya Tello, iliyotoka mwaka 2018 na kutumika sana kufundishia wanafunzi kuandika programu, inakuja na kinga zake kwa sababu hiyo.

Nne, upepo. Nje penye upepo mkali kinga hugeuka tanga. Kinachomshinda Hiller kitakushinda na wewe: droni inapelekwa, betri inaisha ikipigana, na mgeni anachanganyikiwa.

Tukiyaweka pamoja, jibu ni hili. Anayemlinda mtu dhidi ya panga ni mmoja kati ya wawili: kinga au umbali. Ndani ya nyumba, darasani, au popote mtu anapoweza kufika ilipo droni kwa hatua chache, umbali haupo, kwa hiyo funga kinga, tena za tundu kamili. Kwenye uwanja mpana, umeshapata kibali kinachotakiwa nchini kwako, watu wote wako nyuma yako na upepo unavuma, unaweza kuzivua, maana umbali unafanya kazi yake. Upepo ukiwa mkali na watu wakiwa karibu, usirushe siku hiyo.

Wanasema ajali haina kinga. Kwa aliyeshika rimoti huenda ni kweli, maana aliamua mwenyewe kucheza na hatari. Kwa mtoto anayecheza chini ya mti, kinga ipo, na iko ndani ya boksi la mtu mwingine.