Chumvi ya Mlima Elgon

Msomaji, ukisimama Kitale asubuhi kabla mawingu hayajapanda, ukaelekeza macho yako magharibi, utauona mlima mpana, usio na ncha kali kama ule wa Kenya, umelala mpakani mwa Kenya na Uganda. Ndio Elgon. Mtu wa Bungoma huutazama mlima huo huo upande wa kaskazini, naye akiwa Mbukusu huuita Masaba. Jina la Elgon latokana na jina la watu, yaani Wakony, ambao ni tawi moja la Wasabaot. Yafaa ulishike jambo hili tangu mwanzo, maana wako waandishi wauelezao mlima huu kana kwamba wenyeji wake walikuwa tembo na nyani tu.

Mwaka 1883 msafiri mmoja Mskoti, Joseph Thomson, alifika upande wa kusini wa mlima akayaona mapango makubwa. Ndani yake alikuta watu, pamoja na vibanda vyao na ng'ombe wao. Pango lilikuwa ngome njema: mlango ukizibwa kwa miti, adui atapita wapi? Thomson alistaajabu, wala hakuweza kuamini kwamba yale ni maumbile ya nchi. Akafikiri yalichimbwa na taifa fulani la kale lililowapita wenyeji kwa ustadi. Alikosea. Wengi wa zamani zake waliona vigumu kukiri kwamba kitu kikubwa katika Afrika kingeweza kuwapo bila mgeni kukifanya.

Ukweli wenyewe wastaajabisha zaidi. Elgon ilikuwa volkeno. Zamani sana ilitapika majivu mengi, nayo yakashikamana yakawa jiwe laini lenye chumvichumvi. Mvua ya mlimani ni kubwa, huiosha chumvi kutoka udongoni, hata majani yakawa nayo haba. Basi mnyama alaye majani hana budi kuitafuta kwingine. Maji yaliianza kazi ya kulila jiwe, na wanyama wakaiendeleza. Katika pango la Kitum, ambalo huingia mlimani kadiri ya mita 200, tembo huenda usiku kwa msururu, wakipapasa njia kwa mikonga katika giza tupu, wazazi pamoja na watoto wao. Hulivunja jiwe kwa pembe, wakalitafuna. Nyati na pongo huja nyuma yao kulamba mabaki. Wakony nao waliwaingiza ng'ombe wao mapangoni kwa haja ile ile. Mtu, ng'ombe na tembo walikuwa na ghala moja ya chumvi.

Ushirika huo ulivunjwaje? Baada ya Vita Kuu ya Kwanza walowezi Wazungu walitwaa mashamba ya Trans Nzoia, na reli ikafika Kitale mwaka 1926. Wenyeji waliopoteza malisho ya chini walipeleka madai yao mbele ya Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Morris Carter, 1932 hadi 1934, na nyanda za baridi za Chepkitale, juu ya msitu wa mianzi, zikawekwa kuwa ardhi ya wenyeji. Huko Waogiek wa Elgon walifuga ng'ombe na kurina asali. Mwaka 1968, Kenya ikiwa imekwisha kujitawala, sehemu ya mlima upande wa Endebess ilifanywa mbuga ya taifa, na mapango yakawa ndani ya mpaka.

Sasa pima mwenyewe, msomaji. Mpaka ule haukuwalinda tembo kama ilivyotazamiwa, kwani katika miaka ya 1980 majangili waliwaua wengi sana kwa ajili ya pembe. Wauaji hao walifuata soko la pembe la ng'ambo, si malisho wala mizinga. Hata hivyo mwaka 2000 Chepkitale nayo ilitangazwa kuwa hifadhi, na Waogiek wakawa wavamizi katika nchi yao. Walifukuzwa, wakarudi, wakafukuzwa tena. Mimi sisemi kwamba mfugaji hawezi kuudhuru msitu, wala kwamba mkulima ambaye mahindi yake yameliwa na tembo hana la kulalamika. Nasema kwamba aliyekaa na wanyama vizazi vingi angeulizwa kwanza.

Tarehe 26 Septemba 2022 mahakama ya mazingira na ardhi iliyoketi Bungoma iliamua kwamba Chepkitale ni ardhi ya jamii ya Waogiek, na kwamba kuigeuza hifadhi kulikuwa kinyume cha sheria. Hukumu hiyo yahusu Chepkitale peke yake. Kitum na Makingeny yangali ndani ya mbuga, ambamo ng'ombe hawaruhusiwi kulamba chumvi. Na ukutani, mgeni aliyeshika taa huonyeshwa mifereji iliyochorwa na pembe za tembo.