Nguvu za Nia na Nguvu za Misuli

Watu wengi hudhani ya kuwa nguvu za mtu hukaa katika misuli yake tu, na kwamba aliyezaliwa dhaifu hana budi kufa dhaifu. Maisha ya Tommy Kono yatuonyesha upungufu wa dhana hiyo.

Kono alizaliwa mwaka 1930 mjini Sacramento, katika jimbo la California, Marekani, katika jamaa yenye asili ya Kijapani. Tangu utotoni alisumbuliwa na pumu, naye alikuwa mwembamba mno. Mwaka 1942, Marekani ikiwa vitani na Japani, serikali iliwaondoa majumbani mwao watu wapatao 120,000 wa asili ya Kijapani, ikawaweka kizuizini bila ya kuwashtaki kwa kosa lolote. Wengi wao walikuwa raia halali. Jamaa ya Kono ilipelekwa katika kambi ya Tule Lake, penye nchi kavu, ndani ya seng'enge na walinzi.

Mtoto huyo alikuwa na sababu ya kutosha ya kukata tamaa. Lakini majirani kambini walipomwonyesha vyuma vya kunyanyua, alivishika wala hakuviacha. Hewa kavu ilimpunguzia pumu, na mazoezi yakamjenga mwili.

Mwaka 1952, mjini Helsinki, Kono alitwaa nishani ya dhahabu ya Olimpiki kwa ajili ya nchi ile ile iliyomfunga. Mwaka 1956, mjini Melbourne, alitwaa ya pili katika daraja jingine la uzito. Na mwaka 1960, mjini Rome, alipata ya fedha. Aliweka rekodi za dunia katika madaraja manne ya uzito, jambo la nadra sana.

Je, nia hufanyaje kazi mwilini? Mwaka 1961 wataalamu wawili, Michio Ikai na Arthur Steinhaus, walitangaza habari za jaribio lao. Waliwataka watu wavute kwa mkono kwa nguvu zao zote, mara nyingi. Pengine bastola ililipuliwa nyuma yao kabla ya kuvuta; pengine mvutaji mwenyewe alipiga ukelele. Nguvu zikaongezeka. Misuli haiwezi kukua kwa nukta chache; basi nguvu zile zilikuwamo tangu mwanzo, ila akili ilizizuia.

Lakini tusidanganyike. Nia peke yake hainyanyui chuma. Asiyejizoeza akijitwika mzigo mkubwa kwa ujasiri mtupu, ataumia mgongo. Nia yenye faida ni ile imrudishayo mtu mazoezini siku asiyokuwapo mtazamaji, aongeze uzito kidogo kidogo, kwani haba na haba hujaza kibaba.

Mwaka 1988 Marekani ilikiri kwa sheria dhuluma ya kambi zile, ikaomba radhi na kutoa fidia. Haki hiyo ilichelewa zaidi ya miaka arobaini. Kama Kono angaliingoja ndipo aanze kujijenga, angalianza akiwa mzee. Kijana aliyedhulumiwa ana haki ya kudai haki yake. Lakini anapoidai, asiache chuma chake chini.