Kukuza nyanya chotara za mapema katika bustani ya nyumbani

NYANYA huhitajika karibu katika kila jikoni humu nchini, na bei yake hupanda mara mvua nyingi inapoharibu mashamba. Kwa sababu hiyo, familia nyingi zenye kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, au hata ndoo chache kwenye ua, huvutiwa na mbegu chotara zinazosifiwa kwa kukomaa upesi. Pakiti yake huandikwa siku 60, 65 au 75, na mnunuzi huanza kuhesabu.

Hapo ndipo kosa la kwanza hutokea. Wengi huhesabu kuanzia siku ya kusia mbegu, na wasipoona tunda jekundu siku ya 75 hudhani wametapeliwa. Kwa desturi ya wauzaji wa mbegu za nyanya, siku hizo huhesabiwa tangu mche unapohamishwa kutoka kitaluni hadi tunda la kwanza linapoiva. Mche wenyewe hukaa kitaluni wiki nne hadi tano. Kwa hivyo, nyanya ya siku 65 huchukua takriban siku 95 hadi 100 tangu mbegu iingie udongoni.

Isitoshe, hesabu ya pakiti ni ya mmea uliotunzwa vyema katika hali nzuri ya hewa. Mbegu haileti siku hizo peke yake.

Maana ya chotara

Herufi F ikifuatwa na nambari 1 kwenye jina la mbegu humaanisha kizazi cha kwanza cha wazazi wawili tofauti. Mzazi mmoja huenda amechaguliwa kwa kukomaa mapema, na mwingine kwa kustahimili ugonjwa fulani. Ua la nyanya lina viungo vya kiume na vya kike pamoja, na hujichavusha lenyewe. Ili kupata chotara, wafanyakazi huondoa viungo vya kiume kwa mkono kabla ua halijafunguka, kisha hupaka chavua ya mzazi wa pili. Kazi hiyo hufanywa ua kwa ua, na ndiyo sababu kubwa ya mbegu hizo kuuzwa ghali.

Mbegu zikamuliwazo kutoka kwa tunda la chotara huota bila shida, lakini watoto wake hawafanani. Mmoja atakomaa mapema, mwingine atachelewa, na wa tatu atashindwa na ugonjwa ambao mama yake aliuhimili. Mkulima aliyezoea kuhifadhi mbegu za Cal J au Rio Grande, ambazo si chotara, hana budi kulifahamu jambo hili kabla ya kutumia pesa zake. Anayenunua chotara hununua msimu mmoja tu.

Mbegu zinunuliwe kwa muuzaji aliyesajiliwa. Pakiti iliyoidhinishwa huwa na kibandiko cha Shirika la Kukagua Ubora wa Mimea nchini (KEPHIS), chenye nambari iliyofichwa ambayo mnunuzi huikwangua na kuituma kwa ujumbe mfupi hadi 1393 ili kuthibitisha kuwa mbegu ni halali.

Aina fupi na aina ndefu

Nyanya nyingi za mapema ni za aina fupi. Mmea hufika kimo fulani, hutoa kishada cha maua nchani na kuacha kurefuka, kisha matunda huiva karibu wakati mmoja. Aina ndefu, kama Anna F1 ambayo hukuzwa sana katika vivungulio, huendelea kupanda na kuzaa kwa miezi kadhaa. Anayetaka mavuno ya haraka kabla ya mvua humfaa aina fupi. Anayetaka nyanya chache kila wiki kwa muda mrefu atafute aina ndefu, na awe tayari kuifunga kwenye kamba na kuipogoa.

Kupangia mvua

Faida kubwa ya kukomaa mapema ni kuuwahi msimu. Maradhi ya baka, ambayo hubabua majani na kuozesha matunda kwa siku chache, hustawi wakati wa ubaridi na majani yanapokaa na maji kwa muda mrefu. Katika Kirinyaga, Kiambu na sehemu nyingine za kati, mvua ya masika huanza Machi na kushika kasi Aprili.

Mkulima anayesia mbegu katikati ya Desemba hupandikiza katikati ya Januari. Aina ya siku 65 humpa tunda la kwanza kati ya katikati na mwisho wa Machi. Aina ya siku 90 huiva katikati ya Aprili, wakati baka imekwisha kutanda. Tofauti ya wiki tatu au nne yaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kuvuna na kung'oa. Sharti lake ni maji, kwani Januari na Februari ni miezi ya kiangazi.

Siku zinavyopotea

Siku za kwanza hupotea kitaluni. Mbegu zisiwe na kina kinachozidi sentimita moja, na mistari iachane kwa sentimita 10 hadi 15. Miche iliyosongamana hurefuka na kudhoofika. Wiki moja kabla ya kuihamisha, kivuli huondolewa na maji hupunguzwa polepole ili izoee jua. Mche ulio tayari una kimo cha sentimita 10 hadi 15 na majani manne hadi sita ya kweli. Uliokaa kitaluni hadi ukatoa maua huchukua muda mrefu kushika mizizi, na siku zilizodhaniwa kuokolewa hupotea.

Upandikizaji hufanywa jioni, katika mashimo yaliyochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Nafasi ya sentimita 60 kati ya mistari na 45 kati ya miche hutosha aina fupi. Wasio na shamba waweza kutumia ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini, mche mmoja kwa kila ndoo.

Mbolea ya naitrojeni ikizidi, mmea hujaa majani na kuchelewesha maua. Baridi ya usiku iliyo chini ya nyuzi 13, kama ya Julai katika sehemu za juu za Limuru, huharibu chavua na maua huanguka. Joto la mchana likipita nyuzi 32 nalo huleta hasara hiyo hiyo, na juu ya nyuzi 30 tunda hushindwa kupata wekundu kamili.

Maji yamwagwe shinani asubuhi, kwa kipimo kisichobadilikabadilika. Kiu ya siku kadhaa ikifuatwa na mafuriko huzuia kalsiamu kulifikia tunda, nalo huoza kitako. Wengi hulidhania hilo kuwa ugonjwa na kukimbilia dawa isiyosaidia kitu.

Maadui wawili

Mmea ukinyauka ghafla ukiwa bado kijani, shina lake likatwe karibu na ardhi na kutumbukizwa katika glasi ya maji safi. Ukitoka uzi mweupe kama maziwa, huo ni mnyauko wa bakteria, na hauna dawa. Mmea hung'olewa na kuchomwa, na mahali hapo pasipandwe nyanya, viazi, biringanya, pilipili wala mnavu kwa angalau miaka mitatu.

Adui wa pili ni Tuta absoluta, nondo mdogo mwenye asili ya Amerika Kusini aliyeingia Kenya mwaka wa 2014. Viwavi wake huchimba majani na kuacha mabaka meupe, kisha hutoboa matunda. Mtego wa feromoni, pamoja na kuchuma majani yaliyoshambuliwa na kuyachoma, hupunguza idadi yao mapema.

Inapobidi kunyunyizia dawa, kibandiko chake huonyesha siku zinazopaswa kupita kabla ya kuvuna. Nyanya za mapema huiva kwa mfululizo wa haraka, na kishawishi cha kuchuma leo kilichonyunyiziwa jana ni kikubwa, hasa chungu kikiwa jikoni. Watakaokula ni watoto wa nyumba hiyo hiyo.

Kuvuna

Tunda likishaanza kugeuka rangi kitakoni, laweza kuchumwa na kumalizikia kuiva ndani ya nyumba, mahali pakavu pasipo jua kali. Ndege na viwavi hukosa nafasi ya kuliharibu, na mmea hupumzishwa mzigo. Lisitiwe kwenye jokofu kabla halijaiva, maana ubaridi hulinyima ladha.

Mkulima akiandika tarehe ya kusia, ya kupandikiza na ya tunda la kwanza, msimu ujao atajua siku za bustani yake mwenyewe, ambazo huenda zisilingane na za pakiti.